Noti ya elfu tano: mtoto aliyechukua hela ya bibi yake ili atangazwe mwema

Mtoto wa miaka 10, anayeishi na bibi yake upande wa Pasua, Moshi, alifika kwenye programu ya maadili ya mwisho wa wiki akiwa na noti ya shilingi 5,000 mkononi. Alisema ameiokota njiani. Mlezi wa programu alimsifu mbele ya wenzake, akamgongea mihuri mitatu kwenye kadi yake, akamtangaza kuwa Mtoto Mwema wa wiki. Kesho yake alfajiri bibi alifungua fundo la kitenge ahesabu mtaji wa kununulia ndizi za kwenda kuuza soko la Mbuyuni, akakuta noti haimo. Akamshuku mtoto wa mpangaji wa chumba cha pili, mwenye miaka 11, ambaye naye huhudhuria programu hiyo hiyo. Mama wa mtoto huyo alimchapa kabla hajauliza lolote. Ukweli ulitoka jioni, pale mtoto mwingine aliposimulia kwao jinsi mwenzao alivyopata mihuri mitatu kwa elfu tano.

Kila kinachoweza kumtambulisha mtu kimeondolewa katika maelezo haya. Tunachochambua ni mpango uliomfikisha mtoto mahali ambapo kuiba kulionekana kuwa njia fupi ya kuitwa mwema, na kazi iliyofuata ya kuurekebisha.

Programu ilivyoendeshwa

Watoto walikuwa 36, wa miaka 8 hadi 13. Walezi walikuwa wanne: walimu wastaafu wawili na vijana wawili. Mahali ni ukumbi mdogo wa mtaa wenye mabenchi, na muda ni Jumapili saa 8 mchana hadi saa 10 na nusu. Muda huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha, na anayetaka kuanzisha programu ya namna hii Moshi aufikirie mapema. Jumamosi inawaacha nje watoto wa Wasabato, nao ni wengi katika familia zilizotoka Upare. Jumamosi hiyo hiyo ndiyo siku ya mafundisho ya kipaimara kwa Walutheri wengi, na asubuhi za mwisho wa wiki watoto wa Kiislamu wako madrasa. Jumapili alasiri, baada ya ibada na chakula cha mchana, ndipo watoto wa mtaa mzima wanapoweza kukaa pamoja. Programu ya maadili inayokusanya watoto wa dini moja tu imeshapoteza nusu ya somo lake.

Kiini cha programu kilikuwa kadi ya manila yenye visanduku 20. Mtoto akifanya jambo jema analieleza, mlezi anagonga muhuri. Mihuri 10 ni daftari kubwa, mihuri 20 ni begi la shule. Kila juma aliyepata mihuri mingi alitangazwa na kupigiwa makofi.

Walioubuni mpango huu walikuwa na nia njema, na mwanzoni ulileta watoto kwa wingi. Lakini dalili za ubovu zilionekana mapema. Meza ya vitu vilivyookotwa ilianza kujaa: kalamu, vifungo, sarafu za 50 na za 100. Kalamu moja yenye kifuniko cha bluu kilichotafunwa ilirudishwa mara mbili na watoto wawili tofauti. Mmoja alikuwa anaidondosha, mwenzake anaiokota, kisha wanabadilishana zamu. Pia wema uliosimuliwa ulikuwa karibu wote wa aina ya kubebeka mkononi au kuonwa na mtu mzima. Mtoto aliyemwachia mdogo wake nafasi kwenye benchi hakuona kama kuna cha kueleza. Kubwa kuliko yote, kwenye kadi zote 36 hapakuwa na muhuri hata mmoja uliogongwa kwa sababu mtoto amekiri kosa. Kadi haikuwa na nafasi ya jambo hilo. Mpango wa kufundisha ukweli haukuwa na mahali pa kuuweka ukweli mgumu kuliko wote kwa mtoto, yaani kusema "ni mimi".

Kwa nini mihuri iliharibu

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya na watoto wa chekechea huko California. Walichagua watoto waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe wakichora. Wengine walipewa cheti hicho bila kuahidiwa, na wengine hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, walipoachiwa wachague wenyewe cha kufanya, ni wale walioahidiwa cheti waliokuwa wamepunguza kuchora. Waliopewa bila kuahidiwa hawakupungua. Ahadi ya zawadi ilikuwa imebadilisha sababu ya kuchora.

Kwenye uaminifu hali ni mbaya zaidi kuliko kwenye kuchora, kwa sababu mchoro unaonekana. Ukimlipa mtoto kwa kuchora, angalau unapata mchoro. Ukimlipa kwa uaminifu, unachokipata ni taarifa ya uaminifu, na taarifa inaweza kutengenezwa. Hatusemi zawadi ni haramu kila mahali. Kumzoesha mtoto kupiga mswaki au kuwahi kufika, zawadi ndogo kwa muda mfupi inasaidia. Ila usiitumie pale ambapo thamani ya tendo iko kwenye nia ya mtendaji.

Kuna kosa la pili, na hili walezi wengi hawalioni. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alichapisha mwaka 1932 matokeo ya mazungumzo yake na watoto kuhusu makosa. Aliwasimulia habari za mtoto aliyefungua mlango akaangusha vikombe 15 bila kujua kwamba vilikuwa nyuma ya mlango, na mwingine aliyevunja kikombe kimoja akidokoa jamu kabatini. Watoto wadogo walielekea kusema wa vikombe 15 ndiye mkosaji zaidi, kwa kuwa hasara yake ni kubwa. Wakubwa kidogo walianza kuuliza kila mmoja alikuwa anataka kufanya nini. Kwa maelezo ya Piaget, mtoto huvuka kutoka kuhesabu hasara kwenda kupima nia kati ya takriban miaka 7 na 10. Sasa tazama walezi walivyogonga: sarafu ya 100 ilipata muhuri mmoja, noti ya 5,000 mitatu. Watoto walifundishwa kwamba wema hupimwa kwa kiasi. Huyu wa miaka 10 alifanya hesabu sahihi kabisa kwa kanuni aliyopewa.

Siku ile ya kugundulika

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzuia fimbo ya pili. Bibi alikuwa na hasira na aibu kwa pamoja, na mtu mwenye vyote viwili huchapa kwa nguvu. Walezi wawili walikwenda nyumbani jioni ile ile, kabla ya siku kuisha, wakiwa na hela. Kurudisha noti kwanza kunapunguza joto la mazungumzo kuliko maneno yoyote. Programu yenyewe ilijinyima haki ya kumchapa mtoto tangu mwanzo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kutendewa ukatili au kudhalilishwa. Kumsimamisha mbele ya wenzake Jumapili inayofuata na kumnyang'anya cheo kungekuwa kudhalilisha, hata bila fimbo.

Mazungumzo na mtoto yalifanyika kibarazani, mahali ambapo watu wanaona lakini hawasikii, watu wazima wawili wakiwepo. Mtu mzima mmoja asikae peke yake na mtoto kwenye jambo kama hili, kwa usalama wa mtoto na wa mlezi pia. Wote walikaa kwenye vigoda vya kimo kimoja. Maswali yalikuwa matatu, kwa mpangilio huu: nini kilitokea, nani ameguswa, nini kifanyike. Swali la "kwa nini umefanya hivi" liliachwa makusudi. Mtoto aliyebanwa husikia swali hilo kama karipio, na hujibu "sijui" au hutunga.

Alipofika kwenye nini kilitokea, bibi aliingilia: "Mimi nimemlea huyu tangu anatambaa. Kama ulitaka daftari, mjukuu wangu, si ungeniambia?"

"Sikutaka daftari, bibi. Nilitaka na mimi nitangazwe."

Kwenye swali la pili, mtoto alimtaja bibi tu. Mlezi hakumwambia jibu, alimuuliza, "Asubuhi, baada ya bibi kukosa hela, nini kilifuata pale uani?" Ilichukua muda. Kisha akamtaja jirani yake aliyechapwa. Hapa walezi wengi hukimbilia kumsaidia mtoto, na hapo ndipo somo linapotoroka. Kama mtoto hajamwona aliyeumizwa kwa macho yake mwenyewe, radhi atakayoomba itakuwa ya kuwaridhisha wakubwa.

Ikiwa katika mazungumzo kama haya mtoto anaeleza kwamba anapigwa mara kwa mara, ananyimwa chakula au anaguswa vibaya, kikao cha maadili kinakoma hapo hapo. Jambo hilo linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na namba 116 ya simu ya watoto hupigwa bure. Walezi hawalichunguzi wenyewe. Katika kisa hiki halikujitokeza.

Jani la sale

Mzee mmoja wa mtaa alishauri litumike sale, lile jani refu la kijani ambalo Wachagga hupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, na ambalo hupelekwa kwa mtu aliyekosewa wakati wa kumwomba radhi. Ushauri ulikuwa mzuri na wenye hatari ndani yake. Nguvu ya sale ni kwamba aliyeletewa hatarajiwi kukataa. Kati ya watu wazima wawili waliogombana, nguvu hiyo inamaliza ugomvi. Lakini ukimpelekea sale mtoto wa miaka 11 aliyechapwa kwa kosa lisilo lake, unamlazimisha kusamehe siku ambayo bado mgongo unamuuma. Umemkosea mara ya tatu.

Uamuzi uliofikiwa ni kwamba sale ipite kati ya wakubwa tu. Familia ya jirani ni Wapare, kwa hiyo mzee alitangulia kueleza maana yake, ili lisionekane kama mzaha au mambo ya uganga. Bibi alilipeleka kwa mama wa mtoto, kwa sababu yeye ndiye aliyelitaja jina bila ushahidi. Kwa mtoto mwenyewe hakupeleka jani. Alimwita, akamwambia, "Mjukuu wangu, nilikutaja bila kuuliza. Nimekosa." Mama naye, bila kuambiwa na mtu, akamwomba radhi mwanawe kwa kumchapa kabla ya kumsikiliza. Watoto wetu wengi wanakua bila kumsikia mtu mzima akimwambia mtoto "nimekosa", na kwa maoni yetu tendo hili lilifundisha kuliko vipindi vyote vya nyuma.

Mtoto aliyechukua hela aliomba radhi kwa maneno yake, mara moja, na akajitolea kumsindikiza mwenzake kuchota maji kwa wiki mbili. Mwenzake alikataa kusindikizwa na akakaa muda bila kucheza naye. Walezi waliacha iwe hivyo. Radhi ni haki ya aliyekosewa kuitoa au kuichelewesha, na mtoto aliyekosa anahitaji kuliona hilo pia.

Kadi zilivyofungwa

Ahadi ni deni, na programu ilikuwa imeahidi madaftari. Kuzifuta kadi ghafla kungewafundisha watoto kwamba wakubwa huvunja neno mambo yakiwaharibikia. Kuwalipa kwa idadi ya mihuri nako kungekuwa kuizawadia ile kalamu ya kifuniko cha bluu. Walezi walikusanya kadi zote, wakaeleza kwamba mpango ulikuwa na kosa na kosa hilo ni la wakubwa, kisha wakampa kila mtoto daftari moja, awe na mihuri 2 au 14. Ilikuwa gharama, lakini ilikuwa sahihi. Waliokuwa na mihuri mingi walilalamika: "Sisi tumefanya kazi, hawa hawajafanya!" Hawakunyamazishwa. Malalamiko hayo ndiyo yaliyokuwa mjadala wa kwanza wa mfumo mpya, na ulikuwa mkali.

Habari ya noti haikutajwa ukumbini. Watoto wote waliijua. Hilo halimpi mlezi ruhusa ya kuitumia kama mfano.

Kilichowekwa badala yake

Shuleni watoto tayari wanasoma maadili. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lenye vitabu na mitihani. Mtoto wa darasa la tano anajua jibu linalotakiwa. Programu ya mtaani ifanye kile ambacho mtihani hauwezi kukifanya: impe mtoto jukumu la kweli, mbele ya watu wa kweli, lenye uwezekano wa kukosea.

Jukumu bora kuliko yote limekuwa sufuria la uji. Kwa watoto 36 wa kikombe cha robo lita unahitaji lita 9, hivyo pika 10: unga kilo moja, sukari nusu kilo, unga ukorogwe kwanza kwenye maji baridi usije ukafanya mabonge, kisha uchemke kama dakika 20. Mtu mzima anapika na kuliteremsha sufuria motoni. Wanaogawa ni watoto wawili wanaobadilishwa kila juma, na kanuni ni moja: mgawaji anakunywa mwisho. Akijaza vikombe vya rafiki zake hadi ukingoni, chake kitakuwa nusu. Wanagundua wenyewe kwamba uji mzito hukaa chini, na kwamba usipokoroga kila baada ya vikombe vitano, wa kwanza wanakunywa maji na wa mwisho wanapata donge. Siku moja mgawaji alimjaza zaidi mtoto mdogo aliyesema hajala tangu asubuhi, na waliokuwa nyuma yake wakapinga. Je, haki ni vikombe sawa, au ni kila mtu kulingana na njaa yake? Na kama ni njaa, nani atakayepima, na aliyesema uongo kuhusu njaa yake? Watoto wa miaka 9 walijadili jambo hili kwa uzito ambao hakuna mlezi angeweza kuupanga.

Fedha za sukari na unga zinahesabiwa na watoto wawili wakubwa, mmoja akitaja na mwingine akiandika, mlezi akiwa shahidi. Hesabu ikikosekana, haulizwi mmoja peke yake. Wanarudia kuhesabu wote wawili.

Baada ya uji kuna mjadala wa kisa. Watoto wanagawanywa makundi matatu ya takriban 12 kwa umri: 8 na 9, 10 na 11, 12 na 13. Kila kundi lilianza na mlezi mmoja, wa nne akibaki huru kwa dharura. Kisa kinasomwa kwa dakika mbili, watoto wanazungumza wawili wawili kwa dakika tano, kisha duara dakika 15. Ukizidisha hapo, wadogo wanaanza kusukumana. Ubora wa mjadala unategemea kisa chenyewe. "Je, kuiba ni kuzuri?" si kisa. Watoto watajibu "Hapanaaa!" kwa pamoja na hakuna aliyefikiri. Kisa kinachofaa kina uzito pande zote mbili: umetumwa dukani kununua chumvi, mwenye duka amekosea akakurudishia shilingi 1,000 zaidi, nyumbani sukari imeisha, na jana huyo huyo mwenye duka alimfokea mama yako mbele za watu. Unafanya nini?

Mtoto akijibu "arudishe, maana atachapwa", mlezi asimhubirie. Amuulize, "Na kama hakuna atakayejua?" Kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowashinda walezi waliozoea ubao. Ahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema neno jingine. Asitikise kichwa kukubali jibu analolipenda, kwa kuwa watoto husoma uso wa mlezi haraka kuliko wanavyosikiliza swali. Mwisho wa duara haulazimishi kauli moja. Kila anayetaka anasema kama amebadili mawazo na ni kitu gani kilichomfanya abadili.

Vitu vya kuokotwa bado vinaletwa. Vinaingia kwenye sanduku, vinaandikwa kitu, mahali na tarehe, mtoto anaambiwa "asante" kwa sauti ya kawaida. Hela hupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo. Meza imeacha kujaa.

Yaliyobaki magumu

Watoto walipungua zawadi zilipokoma, na wazazi kadhaa waliuliza kama wafadhili wamekimbia. Kishawishi cha kurudisha zawadi kwa jina jingine kilikuwa kikubwa: cheti cha ushiriki, fulana, safari. Walezi walikataa. Badala yake waliwaita wazazi waje waone mgao wa uji, kwani mzazi aliyemwona mwanawe akichukua kikombe cha mwisho hahitaji kuelezwa sana. Wengi wa waliopungua walirudi. Wachache hawakurudi.

Kupima mafanikio kunafanywa kwa daftari moja lenye safu tatu: nini kilitokea, nani alilianzisha suluhisho, mtu mzima aliingia au hakuingia. Watoto hawaulizwi kama wamekuwa wema. Kinachofuatiliwa ni kama magomvi yanayomalizwa na watoto wenyewe yanaongezeka, na kama kuna wanaokiri kosa kabla ya kuulizwa. Safu hizo zinajazwa jioni ile ile. Zikiachwa hadi Jumatano, mlezi anaandika anachotamani kiwe kimetokea.

Kundi la miaka 12 na 13 ndilo linalodai kazi zaidi kwa sasa. Visa vya dukani wanaviona vya kitoto, na maswali waliyo nayo ni ya simu, picha zinazotumwa, marafiki wanaowashawishi kukwepa shule na mapenzi yanayoanza. Hayo hayawezi kujadiliwa kwenye duara moja na watoto wa miaka 9 wakiwa umbali wa hatua tatu. Kundi hilo limehamishiwa kibarazani kwa ofisi ya mtaa, walezi wawili, mwanamke na mwanamume, na visa vyake vinaandikwa na watoto wenyewe kwenye vikaratasi visivyo na majina, vinavyosomwa na walezi siku moja kabla ili kisa kitakachomgusa mtoto anayejulikana kiondolewe mapema.